Mwaka Niliofanya Kazi Chini ya Onyo

Twiga haoni waya. Hilo mlijue kwanza, vijana, kabla sijawaambia habari za onyo nililopewa, maana bila twiga onyo lenyewe lisingekuwapo. Anatembea kichwa kikiwa juu ya migunga, macho yako mbali huko tambarare, na waya wa simu unamkuta shingoni. Akishtuka anakimbia nao. Nguzo mbili tatu zinalala chini, vikombe vya kaure vinavyoshika waya vinapasuka, na huko Moshi karani anagonga mashine yake wee, Same hawajibu.

Nilikuwa fundi wa waya wa simu, zile za maandishi zilizogongwa kwa mashine, enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita vya pili. Kipande changu kilianzia Same kikafuata reli kwenda kaskazini, kikapita Lembeni, kikaishia Kifaru. Mkiniuliza kazi ilikuwaje, nitawajibu kwamba ilikuwa kutembea ukitazama juu. Nilibeba mkanda wa kupandia nguzo, koleo, fungu la waya, chupa ya maji na viazi vya kuchemsha. Shingo yangu hii inayoniuma leo haikuharibiwa na uzee.

Aliyenifundisha ni Mzee Salehe, Mzigua wa Korogwe, ambaye aliianza kazi hiyo chini ya Mjerumani. Yeye alishika kipande cha kusini, Same kwenda Makanya. Aliwatukana twiga kwa Kijerumani, akisema Kiingereza hawakisikii. Alinifundisha kuweka sikio kwenye nguzo: waya uliokazika vizuri unavuma upepo ukipita, uliolegea uko kimya, kwa hiyo unaweza kujua kuna kasoro kabla hujaiona. Alinifundisha pia kwamba saa sita mchana waya haukazwi hadi mwisho. Jua limeurefusha. Ukiuvuta ukawa kama uzi wa zeze, alfajiri baridi ikishuka kutoka milimani unajivuta na kukatika wenyewe, na wewe uliyelala ukijisifu unaamshwa. Nilikuwa bado mgeni kazini nilipofanya hivyo pale Lembeni. Mzee Salehe alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanifanya niunge upya huku yeye akila viazi vyangu.

Nawaeleza haya msije mkadhani kazi ile niliichukia. Niliipenda. Ndiyo maana yaliyofuata yalinikaa vibaya.

Mke wangu Nakijwa na mimi sote ni wa Myamba, huko juu Upare Kusini, kwenye migomba na baridi. Same tuliishi kota moja karibu na stesheni, chumba na jiko, bati juu. Tulikuwa na mtoto mmoja, Rebeka, aliyekuwa ameanza kusema maneno mengi kuliko tulivyoweza kuyaelewa. Kiangazi kilipozidi, na homa zikawa nyumba hadi nyumba, Nakijwa alimchukua mtoto akapanda naye Myamba kwa mama yake, wapumzike na joto. Sote tuliona ni busara.

Ofisi ya posta na simu ilikuwa mikononi mwa karani mmoja, Samweli, kijana wa Usangi. Yeye ndiye aliyegonga simu na kuzipokea, akauza stempu, na sisi mafundi tuliripoti kwake. Tulikuwa marafiki kweli. Jumapili tuliimba sauti ya tatu bega kwa bega kanisani, na Rebeka alipobatizwa ni Samweli aliyesimama kama baba yake wa ubatizo. Mtoto alimjua kwa jina kabla ya kulijua la kwangu.

Siku moja jioni alifika Mbazi, mchuuzi aliyekuwa akishusha ndizi kutoka Myamba, akaja kwangu moja kwa moja hata kabla ya kutua mzigo. Alisema mtoto ni mgonjwa, kifua kimembana, na wazee wamesema niitwe. Mtu wa kwetu akisema wazee wamesema uitwe, huhitaji kuuliza zaidi.

Nilikimbilia kwa Samweli, aliyekuwa anafunga ofisi. Utaratibu ulikuwa hivi: fundi hatoki kwenye kipande chake bila ruhusa ya Mkaguzi, Mwingereza aliyekaa Moshi, na ruhusa hiyo karani humwomba kwa simu. Saa ile Moshi walikuwa wameshafunga. Samweli alinishika bega akasema, "Nenda, kaka. Kesho asubuhi ofisi ikifunguliwa tu nitamwomba Mkaguzi mimi mwenyewe."

Nikaenda. Njia ya Myamba kwa miguu ni ya kulala njiani, lakini sikulala.

Usiku ule ule twiga alipita kati ya Lembeni na Kifaru. Asubuhi Samweli alipoketi kuniombea ruhusa, waya wa Moshi ulikuwa umekufa. Waya wa kusini ulikuwa mzima. Angeweza kumwita Mzee Salehe kutoka Makanya aje aushughulikie. Lakini kumwita ni kueleza mimi niko wapi, na nani aliniambia niende, hali yeye hakuwa na mamlaka ya kumpa mtu ruhusa hata ya nusu siku. Akanyamaza, akitumaini nitarudi haraka na mambo yatapita bila mtu kujua. Hayo niliyajua baadaye.

Myamba nilimkuta Rebeka hai. Alinitambua. Alinishika kidole akakishikilia, na pumzi yake ilikuwa inasikika mpaka uani. Bibi yake alikuwa amemkanda kwa kila alichokijua, na mganga wa zahanati ya misheni alikuwa amekuja akatoa dawa alizokuwa nazo, akaondoka bila kusema mengi. Rebeka alifariki asubuhi akiwa mikononi mwa mama yake. Tulimzika chini ya shamba la kahawa la baba yangu. Nikakaa matanga kama mtu anavyokaa anapofiwa na mwanawe, sikuwaza habari ya waya hata mara moja.

Wakati nimeketi kwenye mkeka Myamba, mkubwa mmoja wa serikali alikuwa kwenye treni akishuka kutoka Moshi. Walikuwa wamejaribu kupiga simu apokewe, apelekewe gari, apikiwe. Simu haikufika. Akashuka Same juani hakuna hata mtu wa kumbebea sanduku. Wanasema alikalia sanduku lake kwenye kivuli cha behewa la mizigo, wachuuzi wakamwuzia ndizi mbivu, naye akazila kwa sababu alikuwa na njaa. Watu wa Same walikisimulia kisa hicho wakicheka miaka mingi. Mimi mwenyewe nilijifunza kukisimulia. Ni kisa cha kuchekesha, ukikianzia hapo.

Niliporudi nilimkuta Mkaguzi ameketi kwenye kiti cha Samweli, na Samweli amesimama pembeni. Mkaguzi alikuwa mtu mrefu, mtulivu, Kiswahili chake kimenyooka. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa Myamba kumzika mwanangu, na kwamba niliondoka kwa ruhusa. Akauliza ruhusa ya nani. Nikasema karani aliniambia niende, kwamba ataniombea.

Mkaguzi akamgeukia Samweli. Samweli alikuwa anatazama kidau cha wino.

"Sikumpa ruhusa, Bwana," akasema. "Sikujua kama ameondoka."

Watu huniuliza kwa nini sikubisha. Ningebisha na nani? Nilikuwa nimetoka kufukia kaburi, na huyu aliyesema maneno yale ndiye aliyemshika mtoto wangu mbele ya madhabahu. Nilimtazama tu. Mkaguzi alinipa pole ya msiba, sitaki kumsingizia, alinipa pole na nadhani ilikuwa ya kweli. Kisha akaandika. Onyo la maandishi: kuacha kipande bila ruhusa. Likikutwa kosa lingine lolote kabla mwaka haujaisha, nafukuzwa bila kiinua mgongo, na kitabu changu cha kazi kitaandikwa hivyo. Nikatia sahihi. Niliandika jina langu vizuri kama mtoto wa shule.

Mzee Salehe alipanda treni ya mizigo kutoka Makanya kuja kunipa pole. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi kwenye kitanda changu. Nikamwambia naacha kazi. Nitapanda kwetu, nitalima kahawa na maharage, sitaki kuuona waya tena. Hakunipinga. Aliniuliza tu kama nimewahi kumwona mtu aliyeacha kazi akiwa na onyo akaandikwa kitu kizuri kwenye kitabu chake. Sikuwahi kumwona. Alisema wataandika niliondoka baada ya kosa, na popote nitakapokwenda, iwe relini au mashamba ya mkonge, mtu wa kwanza atakayekifungua kitabu atasoma hilo kabla ya kunitazama usoni. Kosa lingekuwa langu milele kwa sababu nisingekuwapo wa kulifuta.

"Kaa mpaka lifutwe," akaniambia. "Halafu uondoke siku unayotaka wewe, si siku wanayotaka wao."

Yalikuwa maneno ya mtu aliyenipenda na aliyeijua kazi. Hata leo siwezi kuyapata kosa.

Hata hivyo niliandika barua ya kuacha kazi. Ilitakiwa itolewe kabla ya mwisho wa mwezi, na ilitakiwa ipitie kwa karani. Mnaona ilivyokuwa: hata kumwambia Mkaguzi kwamba nimechoka, ilibidi nimkabidhi Samweli.

Nilimkuta peke yake ofisini. Aliisoma, akalifunga dirisha la kuuzia stempu, akaniambia niketi. Sikuketi. Alisema hakupata usingizi tangu siku ile. Alisema mama yake mjane na wadogo zake wote wa Usangi wanakula kwa mshahara wake, na Mkaguzi alikuwa ameshasema mbele yake kwamba aliyeniruhusu ataondoka siku hiyo hiyo.

"Ningesema kweli," akasema, "leo tungekuwa wawili tusio na kazi, na Rebeka angekuwa amekufa vile vile."

Nimekaa na maneno hayo zaidi ya miaka arobaini, vijana. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumwuliza kama alimlilia mtoto, lakini nilikwisha kuona macho yake, alikuwa amemlilia. Akaniomba nisiache kazi. Mtu akiacha ghafla, alisema, Mkaguzi huja kuuliza sababu, na safari hii huenda akauliza vizuri zaidi. Nikaichukua barua yangu mezani nikairudisha mfukoni, nikatoka. Sikumwambia naacha wala siachi.

Jambo moja nililitaka kabla ya kuamua, nalo ni kuongea na Nakijwa. Yeye alibaki Myamba baada ya matanga, na hatukuwa tumesema lolote la kesho. Safari hii nikaomba ruhusa inavyotakiwa. Samweli akaigonga simu mbele yangu, neno kwa neno. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa kwamba fundi aliye chini ya onyo hapewi ruhusa isipokuwa kwa msiba. Nilikuwa nimeshautumia msiba wangu.

Nikamtuma Mbazi. Nilimweleza yote, twiga, Samweli, onyo, ushauri wa Mzee Salehe, nikamwambia amwulize Nakijwa nirudi nyumbani au nibaki. Mbazi alikuwa mtu mwaminifu. Aliyarudia maneno mara mbili ili asiyapoteze. Aliporudi na ndizi zake alinikuta stesheni. Alisema Nakijwa alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua maharage, kisha akasema: "Mwambie afanye anachoona."

Nilimwuliza Mbazi alisemaje, kwa sauti gani. Alisema kwa sauti ya kawaida.

Basi nataka mjue ukweli wa kuamua kwangu. Sikuamua. Mwisho wa mwezi ulifika barua ikiwa bado mfukoni, nikaamka, nikavaa mkanda, nikaenda kazini. Watu wengi mnaowaona wamekaa mahali maisha yao yote, msidhani siku moja waliketi wakachagua.

Mwaka ule nilikuwa fundi mbaya. Hofu iliingia mikononi. Nilipita kipande changu nikarudi kukipita tena, nikaona kasoro mahali pasipo na kasoro, nikapanda nguzo nzima nikafungua kilichofungwa vizuri. Niliposikia Mkaguzi atapita na treni, niliukaza waya wa Lembeni mchana wa jua kali, nikauvuta ukapendeza kwa macho, mimi niliyefundishwa nisifanye hivyo. Alfajiri ukakatika. Bahati yangu Mzee Salehe alikuwa amelala kwangu akielekea Moshi. Tuliunga pamoja kabla treni haijapita, na yeye hakucheka safari hii, wala hakula viazi vyangu. Hilo la kutocheka liliniuma.

Siku nyingine nilimkuta twiga mkubwa dume amesimama karibu kabisa na laini, anatafuna, shingo iko upande huu na waya upande ule. Nikaanza kumwomba. Nilimwita mheshimiwa. Nilimwambia nina onyo, nimefiwa na mtoto, mke wangu hashuki, tafadhali apite kwingine. Nilikuwa nazungumza kwa sauti kama niko ofisini. Alinitazama na yale makope yake marefu, akageuka akaenda zake. Nikakaa chini ya nguzo nikalia kama sikulia Myamba.

Samweli nilikutana naye kila siku ya kazi. Tulisalimiana. Kanisani nilihamia sauti ya nne. Kabla mwaka haujaisha alipandishwa cheo akapelekwa Moshi, kwa kuwa alikuwa karani mzuri, hilo pia ni kweli. Siku ya kuondoka alikuja kota kuniaga, akasimama mlangoni, akashika kofia yake. Tulizungumza habari za mvua. Sikumwona tena.

Mnapenda niwape la kushika, ninyi wenye ofisi zenu na barua zenu. Ninalo moja dogo: ruhusa ikae kwenye karatasi, hata kama anayekupa ni ndugu wa tumbo moja. Si kwa sababu watu ni wabaya. Samweli hakuwa mbaya. Ila mtu akitishwa na njaa ya nyumbani kwake anaweza kusema lolote, na wewe ungesema. Kuhusu kuacha au kubaki sina la kuwaambia. Mzee Salehe alisema kweli na mambo yakawa kama alivyosema: mwaka ulipoisha barua ilikuja kutoka Moshi kwamba onyo limefutwa, na kitabu changu hakina doa, na nimeruhusiwa mapumziko mafupi.

Nilipanda Myamba siku hiyo hiyo na barua ile. Nilimkuta Nakijwa shambani anang'oa maharage, amekonda, khanga imefungwa kiunoni. Tulisalimiana. Nikamwambia wamelifuta.

"Wamefuta nini?"

"Onyo."

"La kumzika Rebeka?"

Nikasema ndilo. Akainama akaendelea kung'oa. Nikamwambia sasa naweza kuacha kazi kwa heshima nikarudi kulima, au yeye ashuke Same tuanze upya, lolote atakalo, kwamba nilikuwa nangoja siku hii ili nimwulize. Alinyanyuka akajipangusa mikono.

"Siku ile nilipomrudisha Mbazi kwako na jibu," akasema, "nilijua utakuja mwenyewe."

Nikamweleza kwamba niliomba ruhusa nikakataliwa, kwamba Mbazi anajua.

"Aliniambia. Nilikungoja hivyo hivyo. Nilikungoja mpaka mahindi yakavunwa, kisha nikaacha."

Hakusema kwa hasira. Nilishika shina la upande wa pili, tukang'oa maharage pamoja mpaka jua likapoa. Jioni alipika makande, tukala na mama yake, tukazungumza habari za majirani. Nilimwuliza tena kama atashuka. Alisema hapana, kaburi halina mtu mwingine wa kulipalilia. Nikasema basi nitarudi mimi. Alinitazama akasema nisirudi kwa ajili yake.

Nilikaa mpaka mapumziko yakaisha. Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi kwenye mfereji, akanipa ndizi za kuchoma za njiani, akaniambia niende mapema jua lisinikute tambarare. Nilifika Same kwa wakati. Karani mpya, kijana nisiyemjua, aliniuliza jina langu, akaandika kwamba fundi amerudi kazini.